Safari ya kwanza kwa meli ya kitalii: panga hivi

Anayepanga kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huja na maswali yaleyale. Nichukue chumba gani? Nitatapika njiani? Nikishalipa nauli ndiyo basi, au huko melini nitadaiwa tena? Nikichelewa kurudi kutoka mjini, wataniacha? Nimeyajibu hapa kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, tangu siku ya kuchagua safari hadi asubuhi ya kushuka. Penye kanuni nitakueleza kanuni. Penye ladha nitakwambia napenda nini na kwa nini, halafu uamuzi ni wako.

Shika jambo moja kabla ya yote: anza na njia ya safari, ifuate meli, kisha chumba, na bei uitazame mwisho. Wengi huenda kinyume. Wanaona punguzo, wanalipa haraka, halafu aliyetaka kuzunguka mijini anajikuta amenunua siku nne za maji matupu, na aliyetaka utulivu yuko kwenye foleni ya lifti na maelfu ya watu.

Andaa haya kabla hujalipa

- Pasipoti itakayokuwa hai kwa angalau miezi 6 baada ya siku ya kurudi, yenye kurasa tupu.
- Viza za nchi zilizo kwenye ratiba ya meli.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ikiwa njia yako inapita nchi zinazokidai.
- Bima ya safari inayogharamia matibabu ya melini na kusafirishwa kwa dharura hadi hospitali ya nchi kavu. Zahanati ya meli hutoza kila huduma, na bima nyingi za kawaida za afya hazifiki baharini.
- Kadi ya benki inayokubalika kimataifa.
- Dawa zako za kila siku, zitoshe safari nzima na siku kadhaa za ziada, zikiwa kwenye pakiti zake.

Viza ndiyo inayovunja safari nyingi, kwa hiyo tuikalie kidogo. Tuseme meli inatoka Ugiriki, inaenda Kuşadası nchini Uturuki, kisha inarudi Rhodes, kisiwa cha Ugiriki. Hapo umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haitoshi. Unahitaji ya kuingia mara mbili au zaidi. Uingereza nayo ina viza yake mbali. Zipo pia nchi zinazodai viza hata kwa abiria asiyekusudia kushuka. Karatasi moja ikikosekana, unakataliwa kupanda pale gatini na nauli hairudi. Usimwachie wakala kazi hii peke yake: chukua orodha ya bandari, tafuta masharti ya kila nchi kwa mwenye pasipoti kama yako, na uyaandike.

Kwa wajawazito na wenye watoto wachanga: kampuni nyingi hazimpokei mama ambaye ujauzito wake utafika wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Mtoto kwa kawaida anatakiwa awe ametimiza miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu, miezi 12. Uliza kabla ya kulipa chochote.

Hatua ya 1: Chagua njia

Chukua ratiba na uhesabu vitu viwili: siku za baharini, na saa ambazo meli inakaa kila bandari. Ratiba ya bandari saba kwa siku saba inapendeza kwenye karatasi, lakini utaamka alfajiri kila siku na utarudi nyumbani hoi. Kwa wiki moja mimi hupenda siku mbili za baharini, na bandari chache ambako meli inakaa hadi jioni. Mji unapendeza zaidi wakati makundi ya mchana yamesharudi.

Kisha angalia jina halisi la bandari, maana tangazo hutaja mji mkubwa ulio karibu. "Roma" ya matangazo ni Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka Roma yenyewe. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Bangkok" mara nyingi ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100. Toa saa za kwenda na kurudi, ndipo utajua umebakiwa na saa ngapi za kutembea. Na ikiwa mji huo ndio moyo wako unautaka, tafuta safari inayoanzia au kuishia hapo, ukae siku mbili hotelini. Saa nne za haraka hazimtoshi mtu aliyeota Roma miaka yote.

Venice ina habari yake. Tangu Agosti 2021, meli za zaidi ya tani 25,000 zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca, kwa hiyo picha za meli kubwa zikipita mbele ya San Marco ni za zamani. Soma vizuri uone meli yako inatia nanga wapi hasa.

Kuna pia bandari ambako meli kubwa haifiki gatini. Santorini na Grand Cayman ni mifano: meli inasimama majini na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka, kushuka kunafutwa. Mwenye kiti cha magurudumu au magoti yanayouma aulize mapema, kwa sababu kuhamia kwenye boti inayopanda na kushuka si jambo dogo.

Msimu nao una uzito. Katika Atlantiki na Karibi, msimu wa tufani ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndio mwezi mkali zaidi. Bei hushuka, na meli huikwepa dhoruba kwa kubadilisha njia. Ukinunua safari ya kipindi hicho, kubali moyoni kwamba bandari ulizoziona kwenye tangazo huenda usizione.

Hatua ya 2: Chagua meli

Meli kubwa za siku hizi ni miji inayoelea. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Familia yenye watoto itafurahi: michezo ya maji, kumbi, shughuli kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Meli ndogo haina hayo, ila inaingia kwenye ghuba na mito ambako kubwa haithubutu. Huko Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kabisa kushusha watu, na hata kwa meli ndogo watu 100 tu ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja.

Mimi huchagua meli ya ukubwa wa kati, na kuna kitu kimoja ninachokitafuta kwenye ramani yake kabla ya kingine chochote: sitaha ya nje inayozunguka meli nzima, unayoweza kutembea kutoka omo (mbele ya meli) hadi tezi (nyuma yake) na kurudi upande wa pili. Meli nyingi mpya zimeiondoa ili kupata nafasi ya vyumba na mikahawa. Ikiwepo, nitavumilia mapungufu mengi, kwa sababu hapo ndipo unapojua kwamba uko baharini na si kwenye jengo la maduka.

Hatua ya 3: Chagua chumba

Aina ni nne: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, na vile vikubwa vya kifahari. Hilo watu wote wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mahali chumba kilipo kuna uzito kuliko aina yake.

Meli hucheza kama mbao ya watoto ya kubembea: ncha zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Kwa hiyo anayeogopa kulewa bahari achukue chumba cha katikati ya meli, kwenye sitaha za chini. Omo ndiko kunakorushwa zaidi. Tezi hutikiswa na mitambo.

Fungua ramani ya meli, uangalie kilicho juu na chini ya chumba unachokitaka. Chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea utasikia viti vikiburutwa kabla hakujapambazuka. Juu ya ukumbi wa muziki utapigiwa ngoma hadi usiku. Karibu na omo, kwenye sitaha za chini, utaamshwa na nanga na zile panga za pembeni zinazosukuma meli gatini. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vingine juu yake, chini yake na pande zote.

Onyo: chumba "chenye mandhari yaliyozibwa" maana yake mara nyingi ni boti ya uokoaji inayoning'inia mbele ya dirisha. Na ile bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia chumba, ichukue tu ikiwa kweli hujali utawekwa wapi.

Chaguo langu ni chumba chenye dirisha, chini na katikati, badala ya roshani ya juu. Tofauti ya pesa naitumia bandarini. Lakini kwa njia yenye mandhari ya karibu, kama mikono ya bahari ya Norway au barafu za Alaska, lipia roshani. Huko utaitumia kila saa.

Hatua ya 4: Piga hesabu kamili

Nauli inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa chumba cha watu wawili. Ukisafiri peke yako, jiandae kulipia sehemu kubwa ya kitanda cha pili au chote kabisa. Ongeza kodi na ada za bandari, bahashishi inayokatwa kila siku kwa kila mtu, intaneti, vinywaji, mikahawa maalumu, matembezi ya nchi kavu, bima, nauli ya ndege na hoteli. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha kati ya safari na safari.

Chakula cha ukumbi mkuu na cha bufee kwa kawaida kimo ndani ya nauli. Soda, pombe na kahawa maalumu kwa kawaida havimo, na kampuni itakushawishi ununue kifurushi cha vinywaji. Kadiria utakunywa vinywaji vingapi kwa siku, siku za bandarini pia, ndipo uamue. Ukinywa maji na chai tu, hukihitaji. Maji ya bomba ya melini ni salama kunywa.

Hatua ya 5: Funga mizigo miwili

Sanduku kubwa utalikabidhi gatini, na huenda likafika mlangoni kwako jioni. Kwa hiyo begi la mkononi libebe vitu vya kutumia siku nzima: pasipoti, dawa, chaja, nguo ya kuogelea, shati la kubadilisha, miwani. Dawa kamwe zisiingie kwenye sanduku kubwa.

Usibebe pasi, birika la umeme, mishumaa wala waya wa kuongeza plagi wenye kizuia mshtuko wa umeme. Vitachukuliwa ukaguzini, kwa sababu moto ndio adui mkubwa wa meli. Beba badala yake kulabu za sumaku. Kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, na kulabu nne zitakubebea kofia, mikoba na nguo mbichi ambazo chumba kidogo hakina pa kuziweka. Ongeza sweta hata kama unakwenda nchi za joto, maana kumbi za ndani zina baridi na sitaha usiku ina upepo.

Hatua ya 6: Fika mjini siku moja kabla

Hapa sina mjadala. Ndege ikichelewa, meli haitakungoja. Lala karibu na bandari, uamke bila haraka. Usiku mmoja wa hoteli ni rahisi kuliko kuifukuza meli hadi bandari ya pili, ambako huenda hata viza huna.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Chagua saa ya mapema kuingia melini. Kabla ya bwawa na kabla ya chakula, maliza zoezi la usalama. Siku hizi meli nyingi hukuonyesha video kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, ambako mhudumu anakuandikisha. Nenda kweli, na utembee njia hiyo kwa ngazi, si kwa lifti. Ishara ya dharura ni milio mifupi saba au zaidi, ikifuatiwa na mmoja mrefu.

Kanuni hii imeandikwa kwa uhai wa watu. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipopasuka kwenye mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda siku hiyohiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Wakati ule sheria iliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 ni lazima lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo.

Halafu zima mtandao wa simu: weka simu kwenye hali ya ndegeni na uiache hivyo hadi utakaposhuka nchi kavu. Mbali na pwani, simu hujiunga yenyewe na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na gharama zake ni kali. Ukitaka intaneti, nunua ya meli.

Kuhusu kadi ya benki: gharama zako zote za melini zinaandikwa kwenye akaunti moja, na kampuni huzuia kiasi fulani kwenye kadi uliyosajili. Ikiwa ni kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, pesa hizo zinaweza kukaa zimefungwa siku kadhaa hata baada ya safari. Tumia kadi ya mkopo ikiwa unayo, au weka amana ya pesa taslimu.

Hatua ya 8: Siku za baharini na saa ya kuingia bandarini

Siku za baharini usizijaze ratiba. Kula kifungua kinywa ukumbini badala ya bufee. Watu ni wachache na unahudumiwa mezani. Nawa mikono kwa sabuni na maji kila kabla ya kula. Vile vitakasa mikono vya pombe haviviwezi vyema virusi vya noro, ambavyo ndivyo huleta kuhara na kutapika melini.

Kuna saa moja nisiyoikosa. Muulize mhudumu meli itamchukua rubani wa bandari, yule anayepanda kuiongoza meli hadi gatini, saa ngapi, uwe sitahani wakati huo, upande ambao boti yake itakuja. Mara nyingi ni alfajiri. Boti ndogo inakuja mbio, inajibandika ubavuni, na meli haisimami. Mlango unafunguka karibu na maji, ngazi ya kamba inateremshwa, rubani anasubiri wimbi liiinue boti, anashika ngazi na kupanda. Ni dakika chache, kisha boti inageuka na taa za mji zinaanza kuonekana. Abiria karibu wote wamelala.

Hatua ya 9: Kushuka na kurudi kwa wakati

Una njia mbili: matembezi yanayouzwa na meli, au ujipangie. Ya meli ni ghali na ya makundi makubwa, lakini kundi likichelewa, meli hulisubiri au kampuni inabeba gharama ya kuwafikisha. Ukijipangia, kuchelewa ni kwako. Kanuni yangu: mji ukiwa mbali na gati, nachukua ya meli, ukiwa wa kufikika kwa miguu, natembea mwenyewe.

Kabla ya kushuka fanya mambo matatu. Linganisha saa yako na saa ya meli, kwani huenda isiwe sawa na ya nchi kavu. Piga picha ukurasa wa ratiba ya siku wenye jina na simu ya wakala wa bandari. Angalia saa ya mwisho ya kurudi, ambayo kwa kawaida ni nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, kisha wewe panga kurudi saa moja kabla ya hiyo.

Hatua ya 10: Usiku wa mwisho

Sanduku kubwa linawekwa nje ya mlango usiku, likiwa na lebo. Kabla ya kulifunga, tenga nguo na viatu vya asubuhi. Kuna watu wanaoshuka melini na nguo za kulalia kwa kusahau hili. Pasipoti na dawa zibaki nawe. Ndege ya kurudi iwe ya mchana au baadaye, kwa sababu meli ikichelewa kidogo au foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu, ndege ya asubuhi itakuacha.

Mambo yakienda kombo

*Umeanza kuchafukwa na roho.* Toka nje, katikati ya meli, tazama upeo wa macho, acha kusoma na kutazama simu. Kula kitu kikavu kidogo kidogo; tangawizi husaidia wengi. Vidonge vya kuzuia kulewa bahari hufanya kazi vizuri vikimezwa kabla ya mawimbi kuanza, na vingi huleta usingizi. Kibandiko cha nyuma ya sikio kinatakiwa kibandikwe saa kadhaa kabla, na kwa ushauri wa daktari.

*Umeanza kuhara au kutapika mfululizo, na bahari imetulia.* Piga simu zahanati ya meli, ubaki chumbani. Usiende bufee kwa kuona haya kusema.

*Chumba kina kelele au harufu.* Nenda mapokezi siku hiyohiyo ya kwanza, eleza kwa upole na uombe kuhamishwa. Meli ikishajaa na siku zikipita, nafasi ya kuhama inapungua.

*Bandari imefutwa.* Nahodha ana haki hiyo, na mkataba wa tiketi unamruhusu. Matembezi uliyonunua kwa meli hurudishwa pesa. Uliyojinunulia, inategemea mkataba wako na mwenyeji, kwa hiyo tangu mwanzo nunua kwa wanaorudisha pesa meli isipofika.

*Umeachwa na meli.* Mpigie wakala wa bandari papo hapo. Yeye ndiye mwenye mawasiliano na meli na atakuelekeza namna ya kuifuata. Gharama ni zako, ndiyo maana kadi na nakala ya pasipoti visikae chumbani unaposhuka.

*Bili ina kitu usichokinunua.* Usingoje asubuhi ya mwisho, foleni itakuwa hadi ngazini. Ipitie kwenye runinga au programu ya meli kila baada ya siku mbili, na ukiona kosa, nenda mapokezi usiku wakati watu wako kwenye maonyesho.